Si Habari Mbaya

KUMB. NA. NDL/NID/17/6

YAH: TAARIFA RASMI YA TUKIO KUBWA KULIKO YOTE KATIKA HISTORIA YA MAWASILIANO YA BINADAMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi, Tusekile Mwakyoma, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika Shule ya Wasichana Ndulilo, ninayo heshima kubwa kulitangazia taifa, na vizazi vitakavyokuja baada ya taifa, kwamba mwezi huu wa saba barua njema imeandikwa kwa mkono wa binadamu. Haikuandikwa na Karani. Iliandikwa na vidole vitano, kalamu moja na moyo uliojaa uzalendo.

Iliandikwa juu ya gunia la maharage, stoo ya jikoni, na mwandishi alikuwa amevaa soksi za rangi mbili tofauti. Pia ilikuwa ya uongo.

Madam Mkuu aliniagiza niandike barua ya kujieleza isiyozidi ukurasa mmoja. Naomba radhi kwa kurasa zinazofuata.

*

Niliingia masijala kwa adhabu. Mwezi wa tano nilimdanganya Karani, ile programu ya simuni inayotuandikia barua, kwamba Madam Mkuu anastaafu. Karani huwa habishi. Ukimpa jambo la heri analifanyia kazi. Kufikia saa nne asubuhi Madam alikuwa amepokea pongezi mia nne na sita, zikiwemo za wizara, za kiwanda cha pareto, na moja ya mume wake iliyosema, "Hongera, mke wangu, kwa kuhitimisha safari ndefu ya utumishi." Mume wake alikuwa chumba cha pili anakunywa chai. Hakujua kama ametuma kitu.

Hakuna aliyeshangaa kuhusu mume. Hivyo ndivyo inavyokuwa. Simu ya mtu ikisikia kuna jambo la kawaida au la heri, yaani kuombwa, kukubali, kushukuru, kupongeza, kuthibitisha kwamba mzigo umefika, Karani anaandika kwa jina lako na kutuma. Mwenye jina anaweza kusoma akitaka. Hataki. Bibi yangu alikufa akiwa ametuma shukrani elfu kumi na moja na hakuwahi kuiona hata moja.

Habari mbaya tu ndizo Karani haruhusiwi kugusa. Zamani aliruhusiwa. Lakini Karani amefundishwa kwamba barua nzuri hutanguliza jambo lenyewe, maelezo yakafuata, na mwisho ikawekwa shukrani. Kwa hiyo mwaka mmoja wajane wa ajali ya mgodi walipokea barua zilizoanza, "Tunayo furaha kukujulisha kwamba mume wako." Ndipo ikapitishwa Sheria ya Habari Mbaya: kifo, kufukuzwa, kufeli, kukataliwa, vyote viandikwe na mtu, kwa mkono, na kutumwa katika bahasha ya kaki.

Matokeo yake mnayajua. Kaki ikionekana, watu wanaanza kulia. Bweni letu mwaka jana tulilia robo saa nzima, tumemshika Upendo Tweve mikono na miguu asijirushe, kabla mtu hajapata ujasiri wa kufungua. Ndani kulikuwa na kadi yake ya kliniki aliyoisahau nyumbani.

Na anayeandika hizo kaki kwa tarafa yetu yote, shule, zahanati na ofisi ya kata, ni Bi. Eliwaza Mbwambo wa masijala. Ana miaka ishirini na sita katika kazi hiyo. Akipita sokoni Ndulilo, watu wanakumbuka ghafla kwamba wameacha chungu motoni.

Likizo ilipofika, wenzangu wote walipanda basi. Mimi nikakabidhiwa kwake.

*

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Funga mlango, ukungu unaingia kwenye majalada."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku ya kwanza. Ya siku ya pili yalikuwa hayohayo, ila aliongeza, "Umekula?"

Masijala ni chumba kirefu chenye dirisha moja linalotazama mashamba ya pareto. Mwezi wa saba ukungu unafika asubuhi na kukaa hadi saa saba mchana kama mgeni asiyejua kuaga. Shule nzima tulikuwa watu watatu: mimi, yeye, na mlinzi aliyekuwa na redio na hakutaka kingine. Nilikuwa nikitembea peke yangu katika bwalo la watu mia sita nikisikia viatu vyangu vinanijibu.

Kazi yenyewe ilikuwa namba. Kila karatasi inayoingia kwenye jalada hupewa namba yake juu kulia, kwa wino mwekundu, na namba hiyo masijala huiita folio. Karatasi isiyo na folio, alisema Bi. Eliwaza, ni mtoto asiye na jina. Nilipiga folio asubuhi, nikapiga folio mchana. Wiki ya tatu nilijikuta nimeandika "3" nyekundu kwenye kona ya chapati.

Alicheka. Ni kicheko kifupi, kama mtu aliyejikwaa. Kisha akatazama dirishani kuona kama kuna aliyesikia.

"Mama, hizi barua zako," nikamuuliza siku hiyo, kwa sababu kicheko kilinipa kiburi, "watu huwa wanajibu?"

"Karani anawajibia. 'Tumepokea barua yako yenye kumbukumbu tajwa, tunashukuru kwa ushirikiano.'"

"Wenyewe je?"

"Wewe ungemjibu aliyekuletea kaki?"

Akavuta droo, akatoa fomu ndefu ya bluu na kuiweka juu ya meza, mbali kidogo na chai.

"Wizara wana Karani mpya. Huyu wanasema anajua kuhuzunika. Wanataka waandishi wa mkono tutoe maoni kabla ya Ijumaa ya tarehe ishirini. Nikitia saini hapa, habari mbaya za tarafa hii anaandika yeye."

"Utatia?"

"Miaka ishirini na sita, mwanangu. Nakaa na barua moja siku mbili, nahangaika na neno moja. Kama kuna mtu hata mmoja aliyeona tofauti, hakuniambia. Kwa nini nisitie?"

Alisema bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililonikera. Alikuwa kama mtu anayesema mvua imeacha.

*

Sasa nafika kwenye uhalifu, na naomba uongozi uzingatie kwamba nilikuwa nimesukumwa na mapenzi mema. Nimeiandika sentensi hiyo mara mbili na mara zote mbili imenitazama vibaya.

Kuna jalada la msichana aitwaye Agatha Ngogo. Alikuwa bweni letu, kitanda cha dirishani, miaka tisa iliyopita, akafa kwa homa katika wiki ya mitihani. Karatasi ya mwisho katika jalada lake, folio 40, ni nakala ya barua ya Bi. Eliwaza kwa baba yake, Mzee Ambakisye Ngogo wa Ludewa. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Imeeleza kwamba jioni ile Agatha aliomba uji wenye sukari nyingi, akapewa, akasema ni mtamu kuliko wa nyumbani lakini baba asiambiwe. "Nimeona ni haki yako kuambiwa," Bi. Eliwaza aliandika, "kwa sababu alicheka aliposema hivyo."

Baada ya folio 40 hakuna kitu. Miaka tisa ya jalada jeupe.

Nikaenda stoo na bahasha ya kaki, nikakaa juu ya maharage, nikawa Mzee Ngogo.

Sikuwahi kuandika barua njema. Hakuna kati yetu aliyewahi. Barua za mkono nilizozijua zote ni zile za majalada, kwa hiyo niliiga mwendo wake. Nilianza na baridi. Nikaulizia afya. Nikasema najua yeye ni mtu mwenye moyo wa kustahimili. Ndipo chini, katika aya ya tatu, nikafikia jambo lenyewe: barua yako nimeisoma mara saba, naiweka chini ya mto, hakuna aliyeniandikia kama wewe, samahani nimechelewa kujibu, si kwamba sikujali.

Jumanne droni ilipoleta kikapu cha barua, niliipachika katikati.

*

Nilikuwa nimepanga kutazama uso wake ukichanua. Nilikaa nyuma ya rafu na jalada la vifaa vya michezo, tayari kwa burudani.

Alipoiona kaki yenye jina lake, aliweka miwani mezani. Akaivaa tena. Hakuna anayemwandikia kaki Bi. Eliwaza, maana yeye ndiye anayewaandikia wengine. Akafungua kwa kisu cha karatasi, polepole, akaanza kusoma, na nikaona mkono wake wa kushoto ukitafuta ukingo wa meza.

"Dada yangu," alisema, si kwangu. "Ni dada yangu Same. Ndivyo wanavyoanza. Baridi, afya, moyo wa kustahimili."

Nilitaka kusema kitu. Badala yake nikafungua jalada la vifaa vya michezo.

Kwa muda wa aya mbili alimzika dada yake. Nilimwona akifanya hivyo, midomo ikitembea, mgongo ukinyooka kama mtu anayepangwa kwenye mstari. Kisha akafika aya ya tatu, akarudi juu, akafika tena. Akakaa. Akaweka karatasi kifuani, maandishi yakimtazama yeye.

"Tusekile."

"Naam, mama."

"Mzee Ngogo amenijibu."

"Hongera, mama," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya Karani kabisa.

Alisimama, akaenda dirishani, akafuta ukungu kwa kiganja ingawa ukungu ulikuwa upande wa nje. Alikaa hapo hadi chai ikaota utando. Aliporudi, aliichukua fomu ya bluu, akaisoma, akaandika kwenye nafasi ya maoni, mistari minane kwa mwandiko wake ulionyooka. Kisha akasema, "Nitaambatanisha nakala ya barua hii. Waone kwamba kuna anayesoma."

*

Sasa hapo, ndugu wasomaji wa jalada hili, naomba mnisaidie kufikiri, kwa sababu nilifikiri peke yangu siku tatu na sikufika mbali.

Nikinyamaza, barua ya uongo inapanda gari kwenda wizarani ikiwa ushahidi. Mtu wa wizara anaweza kumtumia Mzee Ngogo ujumbe wa kumshukuru kwa barua yake nzuri, na mzee ambaye hajasema neno miaka tisa ataletewa msiba wake upya kwa sababu ya msichana mwenye soksi mbili. Nikisema, Bi. Eliwaza atajua kwamba hakuna aliyemjibu, kama alivyojua mwanzo, ila safari hii atajua baada ya kuamini. Atatia saini. Na waandishi wengine wakitia kama yeye, siku dada yake wa Same atakapokufa kweli, ataandikiwa na Karani anayejua kuhuzunika.

Nilijaribu kutafuta ni kanuni gani ya shule niliyovunja. Kuna kanuni ya kughushi saini ya mzazi. Hakuna inayosema kuhusu kughushi shukrani.

Jumamosi, kama kila Jumamosi, nilipata ujumbe wa baba. Baba yangu ni fundi wa mitambo ya kuvuna mawimbi, siku tatu kwa meli kutoka Mtwara. "Hongera, mwanangu Tusekile, kwa kuchaguliwa kubaki shuleni wakati wa likizo! Ninajivunia juhudi zako. Nakutakia wiki yenye mafanikio." Niliusoma nikiwa bwaloni. Kisha nikapiga makofi, kwa sababu ulistahili, na bwalo likanirudishia makofi yangu.

Mambo ya baba hayahusiani na taarifa hii. Nimeyataja kwa ajili ya kumbukumbu tu.

*

Alhamisi tarehe kumi na tisa, saa tano asubuhi, Bi. Eliwaza aliniita mezani. Fomu ya bluu ilikuwa hapo, nafasi ya saini tupu, na juu yake barua ya Mzee Ngogo.

"Kesho gari linaondoka. Nataka unisaidie kuhakiki. Soma kona ya juu, kulia."

Nikasoma.

Kwenye kona ya juu, kulia, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko ambao mama mzazi angeutambua, palikuwa pameandikwa 41.

"Mzee wa Ludewa," alisema taratibu, "aliyekaa na msiba wake miaka tisa, amejuaje kwamba jalada la binti yake hapa liliishia arobaini?"

Ningeweza kusema mkono wangu uliandika wenyewe. Ni kweli: mtu aliyeipa folio hata chapati hawezi kuacha karatasi bila namba. Sikuisoma tena kabla ya kuiweka kwenye bahasha. Katika historia ya uhalifu sidhani kama kuna mwizi mwingine aliyeacha namba ya jalada.

"Ulijua lini, mama?"

"Jumanne ya wiki iliyopita. Nilipotoka dirishani."

"Mbona uliandika maoni?"

"Niliandika. Umesoma?"

Sikuwa nimesoma. Akanigeuzia fomu. Mistari minane ile haikumtaja Mzee Ngogo wala jina la mtu yeyote. Ilisema: *Jumanne nilipokea barua ya mkono. Kwa aya mbili niliamini dada yangu amekufa. Mwandishi alikuwa anajifunza na alikosea mpangilio, lakini nilijua kuna mtu upande wa pili, maana alikuwa akiniogopa. Sijui kama ninyi mnaweza kumfundisha Karani kuogopa. Mpaka mtakapoweza, sitii saini.*

"Nilisema nitaambatanisha ili nione utaacha iende," alisema. "Siku tisa nimekusubiri. Umenifagilia chumba mara tatu kwa siku kama mtu aliyeua, lakini kusema hukusema."

"Samahani, mama."

"Samahani ya nini? Itaje."

"Ya kukudanganya. Na ya dada yako. Na ya Mzee Ngogo."

"Huyo nitamwandikia mwenyewe. Kumuuliza tu hali. Nilipaswa kuandika zamani." Alichukua bahasha ya kaki, akaandika jina la mzee, akasita. Mkono ulibaki hewani. "Akiiona hii moyo utasimama."

Tulitazamana. Kwa mara ya kwanza likizo ile mtu mzima alikuwa ananiomba wazo.

"Andika nje," nikasema. "Andika kabla hajafungua."

Akaandika chini ya jina, kwa herufi kubwa: SI HABARI MBAYA. Akaitazama kwa mbali, kichwa upande, kama mtu aliyevaa nguo mpya.

"Na ndani naanzaje? Baridi siwezi kuanza nayo tena."

"Jambo lenyewe kwanza, mama. Maelezo baadaye."

"Aa. Kumbe unajua." Akavua miwani. "Sasa nikuulize jambo moja, na ujibu bila maneno ya ofisini. Hii barua yako nimeisoma mara nyingi. Mwanzoni nilidhani ni ya mtu anayejibu. Siyo. 'Samahani nimechelewa kujibu, si kwamba sikujali.' Mzee Ngogo hana deni la jibu kwangu. Nani anatakiwa akuandikie hivyo?"

Nikasema hakuna.

"Tusekile. Jalada lako lipo rafu ya nne. Wiki ya kwanza nililikuta limerudishwa kichwa chini."

*

Kwa hiyo naandika haya, Madam Mkuu, na Bi. Eliwaza amekaa mbele yangu anahangaika na sentensi yake ya kwanza kwa Ludewa, tayari ameharibu karatasi nne. Amesema maungamo ni habari mbaya, na habari mbaya sheria inataka mkono. Pia amesoma kurasa hizi hadi hapa na amesema zina mzaha mwingi na hazina jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni hili. Kabla ya jalada la Agatha nililifungua langu. Folio 4 ni barua ya Bi. Eliwaza kwa baba, ya mwezi wa tano, ikimweleza nilichofanya na kwamba nitabaki. Ni ndefu. Inasema mimi si mtoto mbaya, kwamba huwa nachekesha zaidi siku za mabasi kuondoka, na kwamba ingefaa aniandikie mwenyewe, hata mistari miwili. Folio 5 ni jibu: "Tumepokea barua yako yenye kumbukumbu tajwa. Tunashukuru kwa ushirikiano."

Sikuandika ile barua ili kumfurahisha Bi. Eliwaza. Niliandika ili nione ikoje mtu akijibu. Sikuwa na wa kunijibu, nikamwazima baba wa msichana aliyekufa.

Kichwa cha habari nilichoweka juu hakihusiki. Naomba kifutwe. Karatasi hii itakuwa folio 6, na imeambatanishwa na bahasha moja ya kaki kwenda kwa fundi Lwitiko Mwakyoma, Kituo cha Mawimbi Namba Tatu. Nje nimeandika kama tulivyokubaliana. Ndani nimeanza na jambo lenyewe:

Baba, mimi ni mzima. Sikuchaguliwa kubaki, niliadhibiwa. Nilidanganya watu wawili. Niandikie wewe.